Josias Kakule na Dawa ya Majani

Wapendwa wote mliokuja kulia nasi, pasta wetu na wazee wa kanisa, wamama wa ushirika, majirani wa jengo letu la South Beach, ndugu wa Kongo, wa Burundi na wa Tanzania mliofunga saluni na maduka yenu ya simu siku ya Jumamosi, siku ya wateja, ili mkae nasi hapa, nawasalimu na kuwashukuru. Maneno haya ni yangu, mimi Koko Julienne, mama mzazi wa marehemu, na sauti mnayoisikia ni ya mkwe wangu Laetitia, mjane wake, aliyeyaandika vile nilivyoyasema na sasa anawasomea, maana mimi shuleni sikukaa, na leo miguu haitaki kunisimamisha. Niko kwenye kiti cha mbele, mkiona anasita msishangae, nitamtikisia kichwa na ataendelea.

Josias Kakule alizaliwa siku ya Jumapili tarehe 14 Machi 1976, kule Kipese, kwenye milima ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, mtoto wangu wa nne wa kiume, ndiyo maana akaitwa Kakule kama desturi yetu inavyotaka. Kwetu ni baridi, ngano inakubali, na uchungu ulinikuta nikiwa ndani ya ngano nimeinama napalilia kwa mikono, nikatembea mwenyewe mpaka nyumbani, na jua kabla halijashuka mtoto akawa amelia. Mama mkwe wangu alikuja kumwangalia, akamgeuza huku na huku, akasema, "Mutoto muzuri, lakini umeacha mistari miwili haijapaliliwa," na kesho yake akaenda kuipalilia yeye mwenyewe, akiimba kwa sauti ili nimsikie.

Alisoma shule ya msingi pale pale Kipese kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha akaenda Butembo kusoma sekondari ya kilimo, akapata diploma yake ya serikali mwezi wa Julai 1995. Baba yake, marehemu muzee Gustave, hakuielewa shule hiyo, alimwambia mbele ya wageni, "Unaenda mbali vile kusomea majani, na majani iko hapa nyuma ya nyumba, ukuje nikufundishe bure," wageni wakacheka, na Josias akacheka pamoja nao, maana alikuwa mtoto ambaye hakukasirika haraka. Lakini siku aliporudi na ile diploma, muzee aliitundika ukutani juu ya kitanda chake, na mgeni akiingia alipelekwa kwanza chumbani kuisalimu.

Kuanzia mwaka 1996 alifanya kazi na ushirika wa wakulima wa ngano na viazi kule Lubero, akizunguka vijijini kwa miguu, vita ikija anajificha, vita ikipita anarudi kwenye mashamba ya watu. Tarehe 2 Agosti 2003 alifunga ndoa na Laetitia katika kanisa la Butembo. Najua hapa Laetitia atataka kuruka mstari, asiruke. Alipokwenda kumposa hakubeba maua, alibeba kabichi moja kubwa kama kichwa cha mtu, dada zake Laetitia wakaanguka kwa kucheka, naye akawaambia kwa utulivu, "Maua haipikwe," na jioni ile kabichi ikapikwa, wakala wote na waliocheka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Israël aliyezaliwa Butembo tarehe 19 Mei 2005, na Peguy aliyezaliwa hapa Durban tarehe 7 Septemba 2010.

Mwishoni mwa mwaka 2007 hali ya kwetu ilipozidi kuwa mbaya alitoka peke yake, akapita Tanzania na Msumbiji, akafika Durban mwezi wa Februari 2008. Alilinda magari pale South Beach, na kijiko na diploma yake vilikaa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, na mwezi wa Mei mwaka huo, mnakumbuka wenyewe jinsi wageni mlivyofukuzwa majumbani na wenyeji, alilala kanisani pamoja na wengi wenu mlio hapa. Mwezi wa Aprili 2009 alisikia kwamba mwenye shamba mmoja, upande wa Bergville chini ya milima mikubwa, anatafuta watu wa msimu wa ngano, akapanda taxi na kile kifuko chake. Mwenye shamba aliitazama ile karatasi ya Kifaransa, hakuielewa, akamwinamisha kwenye shamba akamwuliza kwa kidole, hii ni nini na hii ni nini, Josias akajibu zote, na siku hiyo hiyo akaandikwa kazi. Laetitia na Israël walimfuata mwishoni mwa mwaka ule, wakakaa hapa South Beach naye akija na kurudi, nami nililetwa mwezi wa Januari 2011 niwasaidie na watoto.

Sasa naomba mnisikilize taratibu, kwa sababu kazi hii ya marehemu mimi nataka muijue ilivyokuwa, la sivyo hamtaelewa lile ninalolazimika kuwaambia. Kule wanapanda ngano mwezi wa tano na wa sita, inakua wakati wa baridi, inamwagiliwa kwa bomba refu lenye magurudumu linalozunguka, kwa hiyo kila shamba ni duara, na ndivyo wanavyoyaita, maduara. Ndani ya ngano inaota oti ya porini, jani baya linalofanana na ngano kama pacha, linakunywa maji yake, linakula mbolea yake, na mwisho linapanda juu yake na kumwaga mbegu chini kabla ngano haijavunwa. Kwetu tuliling'oa kwa mkono, huko duara moja ni kubwa kuliko kijiji, kwa hiyo wanapiga dawa. Na dawa yenyewe ni ya ajabu, maana ngano nayo ni jani, ni ndugu wa hiyo oti, dawa inabidi iue mmoja na kumwacha mwenziwe, ndani yake wameweka kitu cha kuikinga ngano. Inapigwa oti ikiwa bado changa, ina majani mawili au matatu, barafu ya asubuhi ikishayeyuka na upepo kabla haujaamka, na ukichelewa, oti ikishanenepa, utapiga na kupiga bure.

Josias alipendwa kwa kazi hiyo, aliwafundisha vijana kuvitofautisha vile vipacha, aliwaambia waangalie pale jani linapolikumbatia shina, ngano ina vimasikio viwili vidogo na oti haina, na alikuwa akisema, "Ngano iko na masikio, ukiiambia inasikia, oti haina masikio, haisikie mpaka ipigwe." Vijana wa Kongo walilirudia neno hilo hata kwenye taxi. Mwaka 2011 akafanywa mkubwa wa kupiga dawa, na kwa kuwa alikuwa amejifunza Kiingereza cha bosi, akawa pia mdomo wa wote waliozungumza Kiswahili, bosi akisema anatafsiri, wao wakisema anatafsiri.

Na wasemaji wa Kiswahili walikuwa makundi mawili. Kundi la Kongo na Burundi waliiita ile dawa ya kuua oti "dawa ya majani," kwa sababu kwetu hayo ndiyo majani, kile ng'ombe anachokula, na ile nyingine ya kuua magugu yenye majani mapana na maua waliiita "dawa ya maua." Kundi la Tanzania, wao ile ya oti waliiita "dawa ya nyasi," na ile ya magugu mapana ndiyo waliyoiita "dawa ya majani." Jina moja, dawa mbili, na madumu yenyewe yalikuwa meupe yote, yametoka kiwanda kimoja, yanatofautiana maandishi tu. Watu walichekeana kwa jambo hilo wakati wa kula, Wakongo wakiwaambia Watanzania, "Nyinyi munakataa hata majani," na Watanzania wakijibu, "Kiswahili mmekuja kukiazima kwetu, kirudisheni kikiwa kizima." Hakuna aliyechanganyikiwa, kwa sababu kila kundi lilifanya kazi upande wake, na aliyeyajua majina yote mawili ni mmoja, ni yule mtafsiri, mwanangu.

Mwezi wa Julai 2012 kijana mmoja wa Zanzibar alihamishiwa kundi la Josias kwa sababu watu wawili walikuwa wagonjwa. Jina lake ni Machano, alikuwa na miezi michache tu katika nchi hii. Asubuhi ya Jumatano tarehe 18 Julai barafu ilichelewa kuyeyuka, ilipoyeyuka upepo ukaanza kunusanusa, na Josias akiwa juu ya trekta alimpigia kelele, "Machano, niletee dawa ya majani, mbio, upepo iko inaamuka." Machano akakimbia, akaleta madumu ya dawa ya majani, akayapanga chini ya tangi. Mwenye kazi ya kusoma dumu kabla ya kumimina ni mkubwa wa dawa, hivyo ndivyo bosi alivyomwagiza na hivyo ndivyo alivyofanya siku zote, lakini asubuhi ile hakusoma, alimimina, akapiga duara zima, akashuka akanawa mikono.

Dawa ya oti haionekani upesi, unangoja wiki mbili, tatu, mpaka jani la katikati linyauke. Wiki ya tatu Josias alikwenda kwenye duara lile akakuta magugu mapana yamejikunja yamekufa yote, na oti zimesimama kijani kibichi, zimenenepa, zinacheza na upepo. Aliniambia, "Mama, nilijua pale pale, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiita dawa ya majani, na nikakumbuka huyu ni mutu wa Zanzibar." Wakati wa kurekebisha ulikuwa umepita.

Bosi aliita watu wote mbele ya stoo tarehe 10 Agosti 2012. Alimwambia Josias amwulize Machano kwa nini alileta dumu lile. Machano hakuogopa, alisimama sawasawa, akasema, "Kaka Josias, mwambie bosi mimi niliambiwa nilete dawa ya majani, na hili ndilo dumu ambalo sisi kule tunaliita la majani, kama kuna kosa basi kosa ni la jina, tukae tulipe kila dumu jina moja lisijetokea tena." Hayo ndiyo maneno yake, Josias aliyakumbuka yote, aliyarudia kwangu moja baada ya jingine. Na mwanangu akamgeukia bosi, akatafsiri, akasema, "Anasema hakuangalia."

Laetitia, endelea.

Maneno yote yale yakaingia masikioni mwake, na mdomoni yakatoka mawili. Machano hakujua kilichosemwa, alikitazama Kiingereza kikipita juu ya kichwa chake, aliamini kaka yake amemsemea, akatikisa kichwa kukubali. Yaani alikubali kwa kichwa chake uongo asiousikia. Jioni ile alitolewa shambani na begi lake, na alipomwuliza Josias kwa nini, Josias alimjibu, "Bosi amekasirika, mudogo wangu, nimejaribu."

Mnalijua lililofuata, kwa sababu sisi sote ndio tuliolibeba mpaka Durban. Habari ilimtangulia Machano kabla hajashuka kwenye taxi, kwamba iko mtu wa Zanzibar ametumwa dawa hii akaleta ile, ameua shamba la muzungu, na kabla ya Krismasi hakuna aliyemwita Machano tena, aliitwa Majani. Pale sokoni walimpigia miluzi, "Majani, eish, leo umeleta nini." Mtu akikosea chenji dukani aliambiwa, "We ni mutoto wa Majani." Ndani ya nyumba zetu tulisema, mtume Majani chumvi ujiandae kunywa chai. Alikwenda kuomba kazi duka la simu, mwenye duka, ambaye namwona hapa na simtaji, alimwambia watu wa kuchanganya vitu hawezi kuwapa simu za watu. Akaosha taxi, akabeba mizigo, akalinda magari pale pale mwanangu alipoanzia. Na kule shambani, lile duara lililoharibika, bosi mwenyewe alilipa jina, wakaliita duara la Machano, na jina hilo liko mpaka leo.

Mwaka 2013 Josias akafanywa kapita, msimamizi wa shamba zima. Mlimpongeza, tulipika hapa hapa jengoni, mlikula. Lakini oti iliyomwaga mbegu haina haraka, mbegu zake zinalala ardhini miaka, kila baridi baadhi yake zinaamka, na kila mwezi wa Julai yeye ndiye aliyetakiwa kwenda kupiga dawa kwenye duara la Machano. Kule walikuwa wakipiga dawa ile ile tangu zamani, mpaka nyingine zikaizoea, zikapigwa na hazikufa, na mwaka 2014 Josias akamwomba bosi wapande pale mmea mwingine kabisa ili watumie dawa nyingine, bosi akakubali, akamwambia wewe ni mtu wa maana sana, Josias. Alikuja nyumbani wiki ile, hakula. Nilidhani ni tumbo.

Na kweli tumbo lilikuwa limeanza. Mwezi wa Oktoba 2014 alianza kupungua mwili, mwezi wa Februari 2015 aliacha kazi akarudi kwetu South Beach, na mwezi wa Machi madaktari wakasema ni kansa ya kongosho na imekwenda mbali. Wapo waliokuja kuninong'oneza kwamba ni zile dawa za shamba, wapo waliosema ni mkono wa mtu, daktari hakusema hili wala lile, na mimi nisiyesoma sitasema asilosema daktari. Aliugua kwa uvumilivu, alimfundisha Peguy kuhesabu meli kutoka dirishani, na Israël akimsomea masomo yake ya shule alimsahihisha akiwa amefumba macho.

Jumapili tarehe 21 Juni, baada ya ibada, mlango uligongwa, nikasikia, "Hodi hapa, shikamoo mama," na alikuwa Machano, amevaa kanzu safi, ana machungwa ndani ya mfuko na chupa ya uji wa pilipili manga alioupika mwenyewe, akasema, "Nimesikia kaka anaumwa, uji huu unateremka hata kwa mtu asiyeweza kula." Nikaitikia marahaba, nikafurahi, na kwa mdomo wangu huu nikamwita Israël, nikasema, "Muletee Majani kiti." Machano aliniangalia bila hasira, akasema polepole, "Machano, mama, lakini haidhuru." Akakaa karibu na kitanda, akamsalimu Josias, akamwuliza habari za shamba, habari za bosi, akamkumbusha ule mchezo wa masikio ya ngano, na Josias akageukia ukuta. Machano alingoja, akaona mgonjwa amechoka, akamimina uji kikombeni akaufunika na kisahani, akaniambia, "Nitarudi, mama, nisimchoshe," akaondoka.

Mlango ulipofungwa mwanangu alilia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa mdogo, akaniambia yote niliyowasimulia, tangu upepo mpaka yale maneno mawili mbele ya stoo. Alisema, "Ile jina ni mimi nilimuvika, nyinyi mulilifunga tu vifungo." Nikamwuliza, kwa nini, Josias, wewe ambaye hukukasirika, wewe ambaye hukuiba hata muhogo. Akasema, "Ningesema kweli, bosi angeuliza nani alisoma dumu, nami nilikuwa na nyinyi wote wanne kwenye mgongo, nikamutupa yeye kwa sababu alikuwa peke yake." Kisha akacheka kidogo, cheko la mgonjwa, akasema, "Mama, siku ile asiye na masikio ni mimi." Na akaniagiza, alinishika mkono akaniagiza, "Mukisoma historia yangu, musome na hiyo, musiponisomea hiyo mutakuwa munazika mutu mwingine."

Nilimwambia ayaseme mwenyewe wakati mdomo unafunguka. Alikubali, lakini aibu ilikuwa inamshika, leo anasema kesho, kesho anasema nikipata nguvu, na Alhamisi tarehe 2 Julai ndipo alipomwambia Laetitia ampigie. Machano alikuwa kazini Pinetown, akasema atakuja Jumamosi asubuhi na uji mwingine. Josias alifariki Ijumaa tarehe 3 Julai 2015, saa za mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Laetitia. Jumamosi Machano alikuja na chupa yake, akatukuta tunaondoa viti sebuleni ili watu wapate pa kukaa, akaiweka chupa chini, akaanza kuondoa viti pamoja nasi. Wiki nzima hii hajaondoka, aliyesimamisha hema mnalokaa chini yake ni yeye, anayewapa maji ni yeye, na jana nimemsikia kijana mmoja akimwita, "Majani, lete maji huku, usilete siki," na watu wakacheka, kwenye msiba wangu, na yeye akaleta maji.

Nilitaka kumwambia faraghani, nikamwita jikoni mara mbili, mara zote mbili nilipomwangalia usoni ulimi ulikataa, aibu ya mwanangu imehamia kwangu. Ndipo nikaelewa pia kwamba faraghani haitoshi, alivunjiwa jina mbele ya watu, akarudishiwe jikoni kwa nini. Mwanangu mkubwa Pascal, kaka wa marehemu, hakutaka, na simlaumu, anamlinda mdogo wake. Katika kikao cha familia alisema, "Mama, historia ya marehemu haiko kesi ya polisi, watu watarudi nyumbani na nini." Nikamwambia watarudi na jina la mtu. Akasema, "Na watoto, Israël akiambiwa shuleni baba yako alisema uongo." Nikamwita Israël mwenyewe, ana miaka kumi, nikamweleza kwa ufupi, akafikiri, akaniuliza mimi bibi yake, "Koko, kwa hiyo anko Machano hakukosea kitu?" Nikamwambia hakukosea kitu. Akasema, "Basi mumuambie." Pascal akatoka nje, aliporudi macho yalikuwa mekundu, na yeye ndiye aliyemwomba Machano leo asikae mlangoni na birika la maji, aingie akae ndani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu bila kumwuliza ametoka nchi gani, tunawashukuru majirani wa ghorofa yetu mlioleta sufuria zenu na masikio yenu, wanakwaya, wafanyakazi wenzake waliotoka Bergville wakati huu huu wa kupiga dawa, ambapo kila asubuhi isiyo na upepo ina thamani, na mwenye shamba aliyewapa gari. Nyinyi wa Bergville nawatuma, mkifika mwambieni bosi kwa Kiingereza kizuri maneno ya Machano ya tarehe 10 Agosti, yote, msipunguze, na mwambieni lile duara abadilishe jina, liitwe la Kakule, ni haki yake. Na nyinyi wa sokoni, wa saluni, wa maduka, sina cha kuwafundisha, mmesikia wenyewe, nami nilikuwa mmoja wenu.

Desturi ni kwamba kabla ya kwenda makaburini familia huuliza kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze. Leo sitauliza, maana ninamjua. Machano, mwanangu, wewe unamdai, na yeye amekiri, na familia imekiri mbele ya watu hawa, kwa Kiswahili unachokisikia, bila mtafsiri. Jina lako ni Machano. Uliambiwa dawa ya majani, ukaleta dawa ya majani.

Historia hii inatakiwa kufungwa kwa neno moja la kumtakia marehemu mapumziko, mnalijua nyote, na Laetitia alikuwa ameshaliandika hapa chini. Nimemwambia alifute. Mimi ni mama yake na ninalitamani kuliko ninyi wote, lakini si langu kulitoa. Machano, kama unalo, simama umwambie. Kama huna, kaa, hakuna atakayekuangalia vibaya, tutanyanyua jeneza na kwenda kimya.